Historia ya Tarumbeta Wetu, Aliyenong'ona Watu Wakasikia

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa ukuta kwa ukuta, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi wageni ambao sisi wa nyumba hii hatukuwa na habari zenu mpaka mlipoanza kuingia juzi, mmoja mmoja, kila mmoja akisema "mimi alinisaidia" na akishindwa kueleza alisaidiwa nini, familia inawapa pole, maana msiba huu ni wenu kama ulivyo wetu, na inawaomba mtege sikio kidogo tuwasimulie njia aliyopita mpendwa wetu, kwa sababu wengine mlimjua akiwa na sauti ya kupasua bati, na wengine mlimjua akiwa na sauti ya kusikika kwa kuinamiwa, mkakutana hapa mkidhani mmekuja kuzika watu wawili, kumbe ni yule yule.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1972, katika nyumba za wafanyakazi wa karakana ya reli, zile za vyumba viwili viwili zilizopangwa kwa mstari mmoja mrefu, mlango wa huyu ukitazama mgongo wa yule, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yake akiwa fundi wa kugonga na kunyoosha vyuma, na mama yake akiwa mwanamke wa nyumbani ambaye shule aliisikia kwa jirani tu. Mkunga alipompokea, na mtoto akapiga ukelele wake wa kwanza, alirudi nyuma hatua nzima akasema, "Hongera mama, wenzako huzaa watoto, wewe umezaa tarumbeta," na jina likagandia hapo hapo, hata lile aliloandikishwa likabaki la kwenye vyeti. Jirani wa chumba cha pili, aliyekuwa ametoka zamu muda si mrefu, aligonga ukuta, akagonga tena, mwishowe akaja mwenyewe mlangoni na shuka begani, na badala ya kugomba akasema, "Haya, nimeshaamka, nionyesheni basi aliyeniamsha."

Lakini sauti ile haikuwa ya makelele ya bure, na hili familia inataka lijulikane, kwa sababu baba yake alikuwa akirudi kutoka karakana kila jioni akiwa ameacha sehemu ndogo ya masikio yake kwenye zile nyundo, na mtoto, kabla hata hajajua kufunga kamba za viatu, alikwishagundua kwamba ukimwambia baba jambo kwa sauti ya kawaida anatabasamu tu na kuitikia "eh, eh," na ukilisema kwa sauti ya juu anageuka, anakutazama, anakujibu. Watoto wa nyumba nyingine walilelewa wakiambiwa washushe sauti, yeye aliipandisha mwaka hadi mwaka, kadiri masikio ya baba yalivyozidi kuzima, ili mzee asiachwe nje ya mazungumzo ya nyumbani kwake mwenyewe, na ilipofika wakati hakuna aliyeweza kumfikishia neno isipokuwa Tarumbeta, wadogo zake walikuwa wakimtuma kama posta, "Dada, mwambie baba viatu vimechanika," "Dada, mwambie baba nimefaulu," naye anasema, na mtaa mzima unajua kwamba fulani kafaulu na fulani viatu vimechanika.

Alianza shule ya msingi Januari 1979, na mwalimu wa darasa la kwanza akamkalisha nyuma kabisa, akisema huyu hata akiwa nje ya geti tutamsikia, na kengele ya shule ilipopasuka, mwalimu mkuu hakuhangaika kutafuta nyingine mpaka muhula ukaisha, alikuwa akitoka barazani, anamwangalia, anatikisa kichwa, na Tarumbeta anawaita wanafunzi wote kutoka uwanjani. Alimaliza sekondari mwaka 1990, akiwa amewashinda kwenye midahalo hata wale waliokuwa na hoja nzuri kuliko zake, jambo alilolikiri mwenyewe kwa kicheko, kisha akajiunga na chuo cha biashara, akahitimu stashahada ya utawala mwaka 1994, siku ambayo baba yake alivaa koti la kuazima lililomfika magotini na kupiga makofi wakati watu wengine wote wamekwisha kunyamaza, kwa kuwa hakusikia kwamba wamenyamaza.

Tarehe 3 Aprili 1995 aliajiriwa na kampuni moja kubwa ya bima, akiwa karani wa kaunta, na huenda angezeekea kwenye kaunta ile kama siku moja umeme usingekatika katikati ya semina ya wafanyakazi wa matawi, kipaza sauti kikafa, mkufunzi akabaki anatapatapa jukwaani kama samaki nchi kavu, watu mia wakaanza kuvuta simulizi zao, na karani aliyekuwa amepeleka vikombe vya chai akaulizwa kwa masihara, "Wewe si ndiye yule wa kelele, hebu tusaidie kuwanyamazisha," naye akawanyamazisha, kisha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ashuke, akaendelea kuwaeleza namna ya kumpokea mteja aliyefiwa, mteja aliyeunguliwa na nyumba, mteja anayetukana kwa sababu anaogopa, mambo aliyoyaona kaunta kwa macho yake, mpaka umeme ukarudi na hakuna aliyeona kwamba umerudi. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa idara ya mafunzo, na kwa miaka kumi na minne iliyofuata hakuna ukumbi wa kampuni ile, kutoka tawi hadi tawi, ambao haukumjua, akiingia asubuhi na viatu vyake vya kisigino kifupi, anavuta mapazia mwenyewe, anasalimia, wakiitikia kivivu anasalimia tena, na salamu ya tatu madirisha yanatetemeka na aliyekuwa amesinzia anaitikia kwa jina lake kamili.

Mama yake alikwenda kumtazama mara moja, akakaa mwisho wa ukumbi na pochi mapajani, hakuelewa hata nusu ya maneno ya kule mbele, ila aliona kwa macho yake kwamba watu walioingia wameinamisha mabega walitoka wameyanyoosha, na tangu siku hiyo akawa na mazungumzo yake na wanawake wenzake wa mtaani, "Binti yako siku hizi anafanya kazi gani?" "Anasema." "Anasema nini?" "We, anasema tu, na wanamlipa," wakacheka, na yeye akacheka zaidi, maana kipele kilikuwa kimempata mkunaji, sauti iliyokuwa ikigombwa na majirani sasa ilikuwa inajenga nyumba, inasomesha wadogo zake wote watatu, na kumnunulia baba kifaa cha masikio ambacho mzee alikivaa wiki moja akakiweka kabatini, akisema kinamletea sauti za watu asiowataka.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1999 na mwalimu wa hesabu wa sekondari, ambaye leo ameketi hapa mbele yetu, na namna walivyokutana ni kwamba kampuni ilikuwa imekodi darasa la shule kwa semina ya siku chache, na mwalimu, aliyekuwa akifundisha darasa la jirani, alivumilia asubuhi nzima, mwishowe akaja akabisha hodi na chaki mkononi, akasema, "Dada yangu, samahani sana, wanafunzi wangu sasa wanajua huduma kwa mteja kuliko wanavyojua hesabu," naye akamjibu, kwa sauti ile ile, "Basi walete, nafasi zipo," na madarasa yote mawili yakaangua kicheko, na wakubwa walisema, mwanamume aliyekuja kuomba kimya akaondoka na kelele zima kwenda kuishi nalo, huyo kweli kapenda. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 2001 na kijana mwaka 2005, na nyumba yao ilikuwa nyumba ambayo mgeni hakuhitaji kuuliza kama wenyewe wapo.

Mwishoni mwa mwaka 2009 sauti ilianza kukwaruza, akasema ni mafua, akanywa tangawizi na asali, akasema ni vumbi la kumbi, akafunga shingo kwa kitambaa na kuendelea kufundisha, kwa kuwa sauti ndiyo ilikuwa jembe lake na mkulima halalazi jembe msimu wa kulima, mpaka asubuhi moja alipofungua kinywa mbele ya watu na kikatoka kitu kama mlango wa kabati kuukuu. Februari 2010 daktari aliona uvimbe kwenye koo, ukapimwa, ukaonekana ni ule mbaya, akafanyiwa upasuaji, na daktari, aliyekuwa mtu mkweli, alisimama miguuni pa kitanda akamwambia, "Mama, utaishi, na hilo ndilo kubwa, lakini kupaza sauti, basi, umekwisha kupaza ya maisha yako yote, kitakachobaki ni mnong'ono, na huo nao uutumie kwa uchache."

Hapo ndugu zangu ndipo tulipoogopa, na yeye aliogopa kuliko sote, kwa sababu aliyemjua alijua kwamba haikuwa sauti tu iliyokatwa pale, ilikuwa kazi, na jina, na heshima ya kuingia ukumbini, lakini alipoomba kibao cha shule cha mwanawe aandike neno lake la kwanza baada ya upasuaji, hakuandika habari za kazi wala za mshahara, aliandika, "Baba atanisikiaje?"

Baba yake aliletwa siku ya tatu, akasimama mlangoni mwa wodi akiwa na kofia mkononi, binti akajaribu, midomo ikatembea na hakuna kilichotoka, mama akaanza kulia, wadogo zake wakatazama sakafu, na mzee akavuta kiti, akakivuta tena, akakivuta mpaka magoti yake yakagusa godoro, akauelekeza uso wake sawasawa na uso wa mwanawe akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Sema mwanangu, nakutazama," na binti akasema jambo bila sauti, na mzee akajibu, "Hapana, hukunikosea kitu," binti akasema jambo lingine, mzee akajibu, "Kazi itajulikana, kwanza upone," na watu wote chumbani wakatazamana, kwa maana ilikuwa ni kama kuona mtu anatembea juu ya maji. Mama akamshika bega mumewe, akamgeuza amwone, akamuuliza, "Mzee, kumbe unasoma midomo? Tangu lini?" naye akamjibu bila kupepesa, "Tangu mlipoanza kunisema vibaya mbele yangu mkijua sisikii," na pale pale penye dripu na bandeji, watu wakacheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini, na Tarumbeta akicheka bila sauti, machozi yakimtiririka, kila mmoja akikumbuka kimoyomoyo aliyowahi kuyasema miaka yote ile kwenye meza ya chakula.

Aliporudi kazini kampuni haikumfukuza, na familia inaishukuru kwa hilo, ila mkufunzi asiye na sauti ni nani, wakampeleka stoo ya vifaa vya mafunzo, kupanga viti, kukunja nyaya za projekta, kuhesabu kalamu za ubao mweupe zilizokauka na zisizokauka, akawa anawaandalia wengine kumbi alizokuwa akizitetemesha yeye, kisha anatoka kwa mlango wa nyuma kabla semina haijaanza, na nyumbani alikuwa anakaa kimya kiasi kwamba mume wake, yule yule aliyewahi kuja kuomba kimya, alimwambia mama mkwe, "Mama, nilikuwa sijui kimya kinaweza kuwa kizito namna hii."

Sasa, tarehe 7 Septemba 2010 kulipangwa semina ya uongozi kwa wakubwa waliokuwa wanasubiri kupandishwa vyeo, yeye akapanga viti safu hadi safu, akaweka maji, akaweka glasi, na semina ikaahirishwa, wote wakapewa taarifa isipokuwa mhasibu mmoja aliyekuwa likizo, ambaye alifika kabla ya saa kama ilivyo kawaida ya wahasibu, na kama ilivyo kawaida yake mwenyewe akaenda kukaa safu ya nyuma kabisa, kiti cha pembeni, karibu na mlango. Alimwona Tarumbeta mbele, akamkumbuka kwamba ndiye aliyemfundisha zamani, akadhani ndiye mkufunzi wa siku hiyo, akafungua daftari lake akasubiri, na Tarumbeta kutoka kule mbele akataka kumwambia kwamba semina haipo, akakumbuka kwamba hana sauti ya kuvuka viti vyote vile, akampungia mkono aje, mhasibu kwa adabu akampungia pia, akampungia tena, mhasibu akainuka nusu akapunga kwa mikono miwili akifikiri ndilo zoezi la kwanza, na hivyo ndivyo walivyokaa wakipungiana katika ukumbi mtupu kama watu walio kwenye meli mbili, mpaka yeye akashuka, akapita katikati ya viti alivyovipanga kwa mikono yake, akafika nyuma, akageuza kiti kimoja, akakaa.

Na alikaa kama baba yake alivyokaa hospitali, magoti karibu yagusane, uso kwa uso, na koo lilikuwa linamuuma siku ile, kwa hiyo akatulia kwanza apate nguvu ya kunong'ona kwamba hakuna semina, na katika kutulia kule mhasibu akaona anasubiriwa yeye, akakohoa, akasema, "Basi nianze mimi?" naye akaanza, na hakunyamaza mpaka jua lilipohama dirisha. Alisema wanataka kumfanya meneja wa tawi, alisema mke wake amekwisha kuwaambia dada zake wote, baba yake amechinja ng'ombe wa maneno kabla hata ya barua, watoto wamechagua vyumba katika nyumba ya meneja, bosi wake anasema nafasi kama hii hairudi, na Tarumbeta, aliyekuwa na pumzi ya maneno machache tu, alimwinamia akanong'ona, "Na wewe?" na mhasibu akasema, "Mimi vipi?" na hakujibiwa, akatazama kalamu yake, akaifunga kifuniko, akasema polepole kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, "Mimi napenda hesabu zikikubali, napenda kukaa na jambo mpaka likubali, watu wengi wakinizunguka nakauka, mimi sitaki umeneja, Mwenyezi Mungu nisamehe, sijawahi kulisema hili hata chooni." Akainuka, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Mwalimu, umenishauri vizuri sana, toka nizaliwe sijashauriwa hivi," akaondoka, na yeye akabaki amekaa kati ya viti vitupu akijiuliza amemshauri nini.

Jioni ile alikuja kwa mama yake, akasimama mlangoni mwa jiko, na mama anasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigiwa hodi na malaika, akanong'ona, "Mama, leo nimefanya semina na sikusema kitu," mama akamuuliza, "Sasa kasema nani?" akajibu, "Kajisemea mwenyewe, mama, alikuwa nayo yote, alikuwa hana tu pa kuyaweka."

Mhasibu hakukaa na siri, alimtuma mwenzake wa idara ya sheria, huyo akamtuma mwanamke wa mauzo aliyekuwa anatapika kila Jumapili jioni kwa kuwaza Jumatatu, huyo akamleta dada yake ambaye hata si wa kampuni, wote wakiingia stoo, wakikaa kati ya viti vilivyobebana, na meneja wa mafunzo akaanza kuuliza, "Jamani, huko stoo kuna nini, mbona wakubwa wanaingia na tai na kutoka na leso?" mpaka siku moja naye akaonekana anaingia, akijidai anatafuta waya, na alikaa huko muda mrefu kuliko waya wowote unavyoweza kutafutwa.

Mwaka 2011 alisoma kozi ya ushauri wa mambo ya kazi, jioni baada ya saa za ofisi, wenzake darasani wakiwa wadogo wa umri wa kumwita mama, na Juni 2012 akaaga kampuni, na hapa hatutaficha, nyumba iligawanyika, mume wake akasema mshahara wangu utatosha tukibana, wadogo zake wakasema dada fikiri, na mama yake akaja juu, akasema, "Mwanangu, walikuwa wanakulipa kwa kusema, hilo nililielewa, leo unaacha kazi uende kulipwa kwa kusikiliza, nani alipe? Mimi nimekusikiliza miaka arobaini na sijaona hata senti!" Tarumbeta akapanga chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani, chenye ngazi za mbao zinazolia, dirisha moja la kutazama barabara, akaweka viti viwili vya kulingana, hakuweka meza, alisema meza ni ukuta uliolala, na miezi ya mwanzo alikaa kule akisikiliza cherehani ya chini, fundi akimpandishia chai kwa huruma na kumwambia, "Dada, biashara ni asubuhi, na asubuhi yako naona inachelewa."

Mama yake alipanda ngazi zile siku moja amejiandaa kumgombeza, alikuwa ameyapanga maneno tangu nyumbani, akakaa kwenye kiti kile, akayasema yote, ya mume, ya watoto, ya ada, ya majirani wanavyosema, na alipomaliza, binti yake alikuwa bado anamtazama, hana hasira, hana haraka, akamwinamia, akamnong'oneza, "Na wewe, mama?" Aliyoyajibu mama yake siku ile yamebaki kati ya kuta zile na yatabaki huko, itoshe kusema kwamba alipoketi jua lilikuwa upande huu na aliposhuka lilikuwa upande ule, na fundi cherehani akainua macho akamuuliza, "Bibi, kulikoni, mbona umeng'ara kama unakwenda harusini?" na tangu siku hiyo hakuuliza tena nani atalipa, na wanawake wenzake walipomuuliza, "Binti yako siku hizi anafanya kazi gani?" aliwajibu, "Ananyamaza," "Ananyamaza nini?" "We, ananyamaza tu, na wanamlipa," na safari hii alikuwa hacheki, alikuwa anashangaa.

Ndugu zetu, kazi ile aliifanya kwa miaka kumi na miwili, na waliopanda ngazi zile walikuwa madaktari, wahandisi, wakuu wa shule, rubani mmoja aliyeogopa kustaafu kuliko dhoruba, mwanasheria aliyerudi kwenye useremala wa babu yake, na muuguzi aliyekuja kuomba nguvu ya kuacha uuguzi akashuka na nguvu ya kuendelea nao, maana marehemu hakumwambia mtu acha wala baki, alikuwa akisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wewe ndiye unayekilalia, nionyeshe wanapouma. Wengine walikwenda kwake wakidhani watapewa hotuba, wakakuta mwanamke mwenye kitambaa shingoni na macho yanayosikia, na kwa kuwa mnong'ono wake ulikuwa mdogo, ilibidi wanyamazishe vichwa vyao ndipo wamsikie, na wakishavinyamazisha walisikia na mengine yaliyokuwa yanawangoja humo ndani siku nyingi. Sisi wa nyumbani tulimwona anakula, anafua, anagombana na mwanawe kuhusu chumba kichafu, tusijue kwamba tunaishi na kisima na watu wanatoka mbali kuja kuchota.

Oktoba 2023 ugonjwa ulirudi, ukaja na haraka iliyokosekana mara ya kwanza, na kufikia Februari mwaka huu hata mnong'ono ulikuwa umekatika, daktari akamshauri apumzike, watoto wakambembeleza, naye akaendelea kupanda ngazi zile, fundi cherehani akimshika mkono upande mmoja na mume wake upande wa pili, na fundi ndiye shahidi wetu wa hili, kwamba watu waliendelea kuja, wanakaa mbele yake, wanasema mpaka mwisho, naye anainamisha kichwa upande kidogo, anainua nyusi, hana hata pumzi ya neno, na wao wenyewe wanalisema lile neno lake, "Na mimi, eh?" halafu wanajijibu, na wanashuka wamebadilika nyuso. Tarumbeta alianza na kelele ya kuamsha mtaa, akabaki na mnong'ono, akabaki na uso tu, na kila alipopungukiwa, watu walizidi kumsikia, na jambo hilo sisi hatuna maelezo yake, tunalisimulia kama tulivyoliona.

Alilazwa mwishoni mwa Mei, na tarehe 9 Juni 2024, saa tisa alasiri, akiwa amezungukwa na mume wake, watoto wake, mama yake na wadogo zake, baba yake alivuta kiti kama alivyokivuta mwaka ule, mpaka magoti yakagusa godoro, na sote tuliona midomo ya marehemu ikitembea kidogo sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua imesema nini isipokuwa yule mmoja aliyekuwa haondoi macho, naye akajibu kwa sauti yake kubwa, wodi nzima ikageuka, "Mimi nakusikia, mwanangu, nakusikia vizuri sana," na muda si mrefu binti akatuacha, na tulipomuuliza mzee binti alisema nini, alitwambia aliulizwa lile lile mlilokuwa mkiulizwa ninyi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wazazi wake wote wawili na wadogo watatu, na familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia mara ya kwanza na mara hii ya mwisho, hasa daktari yule mkweli aliyestaafu na bado akaja kumjulia hali, inawashukuru majirani waliochukua nyumba yetu wakaiendesha kama yao, wafanyakazi wenzake wa kampuni ya bima walioleta viti hivi mlivyokalia, ambavyo wengine wenu mnavijua tangu vilipokuwa vimebebana stoo, inamshukuru fundi cherehani, aliyefunga duka siku zote hizi na aliyeshona kwa mikono yake kitambaa kilichomfunika, na inamshukuru mhasibu, ambaye bado ni mhasibu, na ambaye tumemwona amekaa safu ya nyuma kabisa, kiti cha pembeni.

Tunalo ombi moja kabla hatujamsindikiza, na linahusu mzee aliyekaa hapa mbele na kofia mkononi, kwa sababu haya yote tuliyoyasoma yeye hajasikia hata neno moja, na tulipotaka kumkalisha na mtu wa kumweleza alikataa, akasema hana haja, akasema tangu juzi watu wanaingia hapa na yeye anawatazama nyuso zao, na hajawahi kusikia mtoto wake akisifiwa hivyo, basi ndugu zetu, tunajua msiba huinamisha watu vichwa, lakini leo tunawaomba msiviinamishe, inueni nyuso zenu, kila mmoja na machozi yake kama yalivyo, mumtazame mzee, apate kusikia.

Pumzika kwa amani, Tarumbeta wetu.